Mama huacha kunywa maji akisafiri

Swali: Daktari, mimi niko Nakuru, mamangu wa miaka 74 yuko Kisumu na anakuja kwangu Desemba. Ana presha, anameza Lasix, na goti la kulia linamsumbua. Last time alishuka matatu miguu imevimba, kichwa kinauma, amechoka kabisa. Nimtafutie teksi?

Jibu: Pole kwa mama. Mimi ni fiziotherapisti, na kabla ya teksi nikuulize, siku hiyo alikunywa maji? Wazazi wetu wengi wakijua kuna safari wanaacha maji tangu jana yake, anaona aibu kuomba gari isimame vijana wote wakimwangalia, basi anakaa hivyo Kisumu, Kericho mpaka Nakuru, kama saa nne kwa kiti kimoja. Na hiyo Lasix aliyomeza asubuhi kazi yake ni kutoa maji mwilini, inaanza ndani ya saa moja na inaendelea kama saa sita. Mwili umekauka, miguu inaning'inia haisongi, damu inalala huko chini. Shirika la Afya Duniani lilisema 2007 kwamba safari ya kukaa saa nne na zaidi inaongeza karibu maradufu uwezekano wa damu kuganda kwa mishipa. Bado ni watu wachache wanaopata, kama 1 kwa 6,000, lakini kwa mtu wa umri wake sitaki tubahatishe.

Kwa hivyo teksi ni sawa kama pesa iko, ila hata huko ataacha maji vilevile. Wiki moja kabla, uliza daktari wake kama siku hiyo anaweza kumeza Lasix akishafika. Usiamue mwenyewe, na dawa zingine za presha ameze kama kawaida. Maji anywe kidogo kidogo njiani. Halafu wewe, si yeye, ongea na dereva mapema kabla gari ijae, mwambie kuna mama mzee, tafadhali asimame Kericho penye choo. Akiambiwa mapema kwa heshima anaelewa, shida ni kuambiwa ghafla katikati ya majani chai.

Siti ya nyuma kabisa hapana, inarusha sana kwa bampu, mchukulie iliyo karibu na mlango na afunge mshipi. Kupanda atangulize mguu wa kushoto ule mzima, kushuka atangulize wa kulia unaouma, na konda asimvute mkono, ampe mkono ashikilie mwenyewe. Kila nusu saa akanyage juu chini kama anaendesha cherehani, mara ishirini hivi. Leso nzito pia, Mau Summit ni baridi na goti hukaza. Dawa zikae kwa mkoba wake, si kwa buti.

Akifika miguu yote miwili ikivimba kidogo, alale ameiinua kwa mto. Lakini ukiona mguu mmoja umevimba kuliko mwingine, una joto na shavu la mguu linauma, hata kama ni wiki mbili baadaye, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na mtu asiuchue. Akikosa pumzi ama kifua kikimuuma, usingoje hata dakika.