Matundu kwenye pafu: anzeni na makohozi

Pole kwa mzee, ndugu yangu. Umesema eksirei imeonyesha vitundu sehemu ya juu ya pafu la kulia, anakohoa mwezi wa pili sasa, na zamani alikuwa mchimbaji kule Mirerani. Kwetu Tanzania cha kwanza kushukiwa ni TB, hasa tundu likiwa juu: vijidudu vyake hupenda penye hewa nyingi, vinaozesha nyama ya pafu, uozo unatoka na makohozi, panabaki shimo. Na vumbi la mawe alilovuta miaka yote hiyo huifungulia TB mlango.

Je, aliwahi kuugua TB? Mtu hupona tundu likabaki, kisha fangasi wakaota humo kama kitonge. Huyo huanza kukohoa damu. Homa kali na makohozi yanayonuka vibaya, fikirieni jipu la pafu. Saratani nayo ipo, hasa kama anavuta sigara.

Picha peke yake haitenganishi haya. Apime makohozi kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vijidudu vya TB, na hapa wengi hukosea: wanapeleka mate. Asubuhi asukutue kwa maji, avute pumzi ndefu, akohoe kutoka ndani kabisa, kitoke kile kizito. Apime pia VVU na sukari. Hospitali za serikali vipimo na dawa za TB ni bure. Isipoonekana TB, muulizeni daktari kuhusu picha ya CT, inayoonyesha pafu kwa undani kuliko eksirei.

Kwa sasa alale chumba chenye madirisha wazi, wajukuu wakae mbali kidogo. Akikohoa damu nyingi msingoje kukuche, mkimbizeni hospitali.