Mbegu za snapdragoni: usizifukie, na usiinyweshe dawa miche iliyolala

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nimesia maua ya snapdragoni mara mbili kutoka pakiti moja. Mara ya kwanza nilizifukia vizuri, hakuna kilichoota. Mara ya pili nilizitupia tu juu zikaota, ila baada ya siku chache miche ikaanza kulala mmoja mmoja hadi trei ikaisha. Nimeshauriwa niziloweke usiku kucha, halafu miche niinyunyizie unga wa mdalasini na niipe mbolea ya maji ipate nguvu. Au niliuziwa mbegu feki?

JIBU: Feki ingeotaje mara ya pili? Mbegu zako ni nzima. Kilichoziua mara ya kwanza ni huko "kuzifukia vizuri", maneno ninayoyasoma kila msimu.

Gramu moja tu ya snapdragoni ina mbegu zaidi ya 5,000. Ukizimwaga kiganjani na kupumua, zimepeperuka. Mbegu ndogo hivyo haina akiba ya kupenya hata sentimita moja ya udongo, na isitoshe inahitaji mwanga ili iote. Lowesha udongo kwanza, zitawanye juu, zigandamize kidogo kwa kibao, basi. Funika trei kwa plastiki angavu, iweke penye mwanga bila jua kali, joto la nyuzi 18 hadi 22, usubiri wiki moja au mbili. Habari ya kuloweka waachie wenye mbegu za ganda gumu. Hizi zitagandana tu ushindwe kuzitawanya.

Miche kulala ni kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la miche michanga. Chukua mche mmoja uutazame pale shina linapogusa udongo: limesinyaa likawa jembamba kama uzi, la majimaji au kahawia, ilhali majani mawili ya juu bado ni ya kijani. Kijani hicho ndicho kinachowaponza watu. Wanadhani mche una njaa, wanaongeza maji na mbolea. Vimelea vya kinyausi, Pythium na Rhizoctonia, hustawi penye unyevu usiokauka, hewa iliyotuama na miche iliyosongamana. Maji ya ziada ni karamu yao, na naitrojeni ya mbolea inavilainishia shina.

Mche ukishalala haunyanyuki tena, hata uupake nini. Mdalasini unazuia kuvu kwenye sahani ya maabara, sikatai. Kwenye trei iliyoloa chapachapa unapoteza unga wako. Kinachosaidia kinafanywa mapema: trei iliyooshwa, udongo safi wa kusia badala ya ule uliochotwa bustanini, plastiki kuondolewa mara miche inapochomoza, miche kupunguzwa, maji kutiwa kwenye sinia chini ya trei na uso wa udongo kuachwa ukauke kidogo kabla ya kutia mengine. Mbolea isubiri majani halisi, yale yanayofuata baada ya mawili ya kwanza, tena iwe hafifu. Baadaye, mche ukiwa na jozi tatu au nne za majani, kata ncha ili utoe matawi.

Kinachonikera zaidi ya mdalasini ni wauzaji wa "dawa ya ukungu" inayotibu kila kitu. Pythium si kuvu halisi, na dawa nyingi za kuvu, kabendazimu ikiwemo, hazimgusi. Mtu ananyunyizia, miche inazidi kulala, anaongeza kipimo, kisha anachanganya na dawa nyingine aliyoelekezwa na jirani. Mwisho wa siku amevuta sumu bila glavu wala barakoa kwa ajili ya trei ambayo ingenusurika kwa kupunguziwa maji mapema. Na hilo nimeliona kwenye nyanya, kabichi, waridi, kila kitu kinachosiwa. Chupa isiyotaja kiambato chake, kipimo na ugonjwa inaoukinga usiinunue, hata muuzaji aape vipi. Ukimwuliza ina nini ndani akakujibu ni siri ya kampuni, mrudishie chupa yake.