"E-kadherini hasi" kwenye majibu ya maabara ina maana gani?

Dada, umeuliza kwa nini majibu ya kinyama cha mama yanasema "saratani ya lobula, E-kadherini hasi" (saratani ya lobula ni aina ya saratani ya titi), na kiunzi cha seli, yaani mtandao wa nyuzi unaoipa seli umbo na nguvu, kinahusikaje.

E-kadherini ni protini inayochomoza nje ya seli na kushikana na ya seli jirani. Mshiko huo peke yake ni dhaifu. Kwa ndani, mkia wake hushikwa na beta-katenini, kisha alfa-katenini, na hii ndiyo inayojifunga kwenye nyuzi za aktini, kamba za kiunzi cha seli. Fikiria wavuvi wanaovuta juya: viganja vimeshika kamba, lakini nguvu inatoka mgongoni na miguuni.

Katika saratani ya lobula, jeni la CDH1 mara nyingi huwa limeharibika, na E-kadherini hupotea katika takriban asilimia 90 ya uvimbe wa aina hii. Hiyo ndiyo maana ya "hasi": maabara haikuiona kwenye seli. Seli zinaachana, lakini aktini bado inafanya kazi: inazisukuma zipenye kwenye titi kwa mstari, moja nyuma ya nyingine kama siafu. Ndiyo maana mara nyingi hakuna donge gumu la kupapasa, na hata mamografia (picha ya eksirei ya titi) huweza kuikosa saratani hii. Hili linaniuma sana, kwa sababu wanawake wengi huambiwa wako salama.

Tafadhali usichanganye "hasi" hii na ile ya vipokezi vya homoni, yaani protini za seli zinazopokea homoni. Saratani nyingi za lobula zina vipokezi vya estrojeni, hivyo dawa za homoni huzisaidia. Angalieni na daktari mstari wa ER (vipokezi vya estrojeni), PR (vipokezi vya projesteroni) na HER2 (protini inayochochea seli kukua) kwenye karatasi hiyohiyo.