Maswali ya Wasomaji: Wanja wa Kubandika na Michoro ya Macho

Barua za safari hii zimejaa macho. Wanja wa stika, michoro inayobandikwa kwa maji, vipande vya poda vinavyoacha rangi kwa kubonyezwa: wasomaji wanavijaribu, na vingi vinawagomea. Tumechagua barua saba.

Nimejaribu wanja wa stika mara nne. Nikiwa mbele ya kioo unakaa vizuri, lakini haipiti saa moja mkia wake umeinuka na unanichoma kama mwiba. Kabla ya kubandika naosha uso na kupaka losheni. Nakosea wapi?
*Aliyekaribia kukata tamaa*

Tunaanza kuishuku losheni. Gundi ya stika hizi imetengenezwa ishike ngozi kavu. Ikikuta mafuta inayashika mafuta, na mafuta hayakai mahali pamoja. Osha eneo la jicho kwa sabuni laini, suuza, kausha kwa kugusagusa na kitambaa, halafu usipake kitu chochote: si losheni, si krimu ya jua, si fondesheni. Subiri dakika 10 ngozi ikauke kabisa. Vipodozi vingine vifuate baada ya stika, na viishie milimita chache kabla ya kuifikia.

Mahali unapoibandika nako kuna neno. Kwenye ukingo wa kope, nyuma kidogo ya mashina ya nywele, kuna matundu ya tezi zinazotoa mafuta ya kulinda machozi yasikauke. Stika ikiegemezwa pale pale ukingoni, mafuta hayo huila gundi kuanzia chini, nayo stika huyazibia njia. Acha nafasi ya milimita 1 kati ya stika na mashina ya nywele. Ufa huo uzibe kwa wanja wa kalamu wa rangi ileile, hakuna atakayeuona.

La tatu ndilo linalowasumbua wengi: mkunjo. Mtu hupepesa macho mara 15 hadi 20 kwa dakika, maana yake mara 4,500 au zaidi kwa saa tano. Ikiwa mkia wa wanja umepita juu ya mkunjo wa ngozi pembeni mwa jicho, unakunjwa na kukunjuliwa mara zote hizo, na plastiki haina uvumilivu huo. Kwa hiyo pima mkia jicho likiwa wazi, ukitazama mbele moja kwa moja, uso umetulia. Weka nukta ndogo ya kalamu pale mkia utakapoishia. Wanaopima jicho likiwa limefumbwa hupata mkia mzuri unaovunjika pindi wakifumbua.

Baada ya hapo, fuata mpangilio huu:

1. Bandua stika kwa kibanio, siyo kidole. Kidole kina mafuta, na kikigusa gundi mara mbili kimeshaiharibu.
2. Ishikilie stika karibu na jicho bila kuigusisha, uone kama urefu unafaa. Ikizidi, kata upande wa puani. Mkia uache, kwani ncha yake huwa imechongwa vizuri kuliko utakavyoweza kwa mkasi.
3. Kama stika ni pana, kata mipasuo 2 au 3 ya milimita 2 kwenye ukingo wake wa juu. Itajipinda kufuata umbo la jicho bila kutengeneza mawimbi.
4. Fumba jicho kwa utulivu. Usilikaze, na usiivute ngozi pembeni. Ngozi iliyovutwa ikiachiwa hujikusanya chini ya stika, na hapo ndipo ncha zinapoinuka.
5. Gusisha katikati kwanza, kisha mkia hadi kwenye nukta yako, mwisho upande wa puani.
6. Bonyeza kwa kijiti cha pamba kikavu kwa sekunde 20 hivi, hasa kwenye ncha mbili. Joto la ngozi huilegeza gundi ikatandaa na kushika vizuri zaidi.

Ncha ikiinuka ukiwa shughulini, usiirudishe kwa kidole kilicholowa mate. Weka chembe ya gundi ya kope bandia kwenye ncha ya kijiti cha meno, isubiri sekunde 30 ianze kunata, kisha bonyeza. Gundi za dukani za kubandika viatu na plastiki zisisogee kabisa karibu na uso. Hugandisha kope ndani ya sekunde chache, na jicho likiguswa nazo safari ni ya hospitali.

Nafunga ndoa hivi karibuni na nataka mchoro wa dhahabu wa kubandika juu ya macho. Nifanye jaribio siku ngapi kabla?
*Bibi harusi mtarajiwa*

Hongera, dada. Jaribu mara mbili: wiki 3 au 4 kabla, kisha tena wiki 1 kabla, kwa pakiti ya aina ileile utakayoivaa siku yenyewe.

Jaribio moja halitoshi kwa sababu ya jinsi mzio unavyojengeka. Mwili ukikutana na kitu mara ya kwanza unaweza kukinyamazia, huku kinga yake ikijifunza kukitambua. Dalili huja kwenye mkutano wa pili. Akrileti, kemikali za kunatisha zilizomo katika gundi nyingi za aina hii, zinajulikana kwa tabia hiyo, na usingependa mkutano huo wa pili uwe siku ya harusi.

Kila mara anza mkononi. Kata kipande cha mchoro chenye ukubwa wa kucha, kibandike upande wa ndani wa mkono karibu na kiwiko, kikae saa zilezile utakazokaa nacho sherehekeni. Kiondoe, kisha pachunguze mahali hapo kwa siku 4. Usitosheke na kesho yake, maana wekundu, mwasho au vipele vya mzio wa gundi mara nyingi hujitokeza baada ya saa 48 hadi 72. Mkono ukiwa salama ndipo uende usoni. Ngozi ya kope ina unene usiofikia milimita 1 na huitikia mapema kuliko ya mkono, kwa hiyo usiishie mkononi. Wenye mzio wa mpira wasome pakiti kwa makini, kwani baadhi ya gundi za kope zina lateksi.

Ngozi yangu ni nyeusi. Michoro ya rangi inayong'aa kwenye karatasi hupotea kabisa ikifika usoni. Ni kwamba naibandika vibaya?

Hapana, mama, kazi yako haina kasoro. Kasoro iko kwenye mchoro. Wino mwingi wa michoro hii hupitisha mwanga. Ukiuona uking'aa kwenye karatasi, sehemu kubwa ya mng'ao huo ni weupe wa karatasi unaopenya kutoka nyuma. Juu ya ngozi nyeusi weupe huo haupo, na rangi ya waridi au ya njano hubaki kama kivuli.

Unachohitaji ni mchoro uliowekewa tabaka jeupe nyuma ya rangi. Nao una alama ya kuutambua. Kiwandani rangi hupigwa kwanza juu ya karatasi, tabaka jeupe likafuata, kisha gundi. Kwa hiyo ukiutazama kwenye karatasi unaona mgongo wake: umepauka, una weupeweupe, na umegeuzwa kama kwenye kioo. Wanunuzi wengi huuacha wakidhani umechuja, wakachukua ule unaowaka rangi. Wewe fanya kinyume chao.

Njia ya pili ni michoro ya metali, ya dhahabu, shaba au fedha. Hiyo haipitishi mwanga, kwa hiyo haijali rangi ya ngozi iliyo chini yake, na kwa maoni yetu dhahabu na shaba juu ya ngozi nyeusi hazina mpinzani. Kama tabaka jeupe limechungulia pembeni mwa mchoro, pitisha wanja wa kalamu ukingoni. Kama mchoro unameta kama plastiki, gusa juu yake na poda isiyo na rangi kwa brashi laini. Mmeto utaondoka na uhai wake utaongezeka.

Michoro ya maji inanichanganya. Mara inabaki nusu kwenye karatasi, mara inateleza mpaka shavuni.

Ikibaki kwenye karatasi, umeiharakisha. Ikiteleza, umemwaga maji mengi. Chini ya picha kuna tabaka jembamba linaloyeyuka kwa maji, na kazi yako ni kulilowesha hilo tu.

Toa nailoni ya juu, laza mchoro uso chini juu ya kope kavu, na ubonyeze kila sehemu kabla ya maji kufika. Chukua kipande cha pamba kilicholowa na kukamuliwa hadi kisidondoshe tone. Kigandamize juu ya karatasi kwa sekunde 30 bila kusugua. Inua kona moja uchungulie. Picha ikiwa bado imeng'ang'ania karatasi, irudishe na uongeze sekunde 10. Ikiwa imeachia, telezesha karatasi pembeni, usiivute kwenda juu. Kaa umefumba jicho kwa dakika 2, kwa sababu mchoro mbichi ukikunjwa hubaki na mstari ambao hautoki tena.

Tahadhari moja kuhusu vile vipande vya poda, maana wengi wanavichanganya na hivi. Vyenyewe havitaki maji, na havitaki ngozi iliyokauka kabisa. Hapo ndipo krimu ya msingi ya macho, ile inayopakwa kabla ya rangi, inahitajika, kiasi cha punje ya mchele kwa kila jicho, ili poda ipate pa kushika. Bonyeza sekunde 10, sugua polepole upande mmoja, inua.

Navaa lenzi za macho. Kuna tatizo?

Vaa lenzi kwanza, mikono ikiwa safi, ndipo ubandike. Wakati wa kuondoa, lenzi zitoke kabla hujagusa mafuta ya kusafishia, kwani mafuta yakiingia kwenye lenzi huzitia ukungu. Ukihisi kitu ndani ya jicho ukiwa umevaa lenzi, zitoe mara moja. Usisugue.

Nilipobandua stika niling'oa na nywele za kope. Kuna njia ya kuitoa bila maumivu?

Ipo, na inahitaji dakika 5 tu. Lowesha pamba kwa mafuta ya nazi, ya mzeituni au ya watoto, uiweke juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika 1 nzima. Hesabu kweli, kwa kuwa wengi huishia sekunde 10. Halafu pitisha kijiti cha pamba chenye mafuta kwenye kingo za stika mpaka ukingo mmoja uachie wenyewe. Shikilia ngozi kwa kidole cha mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ikunje stika irudi juu ya mgongo wake, ukienda sambamba na ngozi. Ukiivuta kwenda mbele, ngozi hufuata, na nywele zikifuata ndiyo matokeo uliyoyaona. Ikigoma, ongeza mafuta. Asetoni na spiriti si za eneo la jicho, hata kwa tone.

Mchoro wa maji ni rahisi zaidi: mafuta dakika 1, kisha uviringishe taratibu kwa kijiti cha pamba. Malizia kwa sabuni laini na maji. Usilale na vitu hivi machoni, hata kama pakiti imeandika kwamba vinadumu siku kadhaa. Kope ikibaki nyekundu, ikivimba au ikitoa majimaji, usibandike tena, muone daktari. Vilevile mwenye chokea au macho mekundu asubiri apone, na stika aliyoivaa akiwa mgonjwa aitupe.

Binti yangu wa miaka 6 anataka michoro ya macho kwa sherehe yake. Pia, je, naweza kuichapisha mwenyewe nyumbani?
*Mama wa watatu*

Kwa umri huo tunashauri mchoro ukae shavuni au kwenye paji la uso, mbali na kope. Mtoto hufikicha macho bila kujua, na kitakachobanduka kitaishia ndani. Epuka kabisa vimetameta vya kazi za mikono za shuleni, kwa sababu chembe zake zina kingo kali zinazoweza kukwaruza kioo cha jicho. Epuka pia hina nyeusi, au piko. Mara nyingi ina rangi ya nywele iitwayo PPD, ambayo ikikaa moja kwa moja juu ya ngozi inaweza kuleta malengelenge na makovu.

Kuchapisha nyumbani inawezekana. Karatasi maalumu huuzwa kwa jozi: moja ya kupokea picha, nyingine ya gundi. Chapisha picha ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo, acha wino ukauke, bandika karatasi ya gundi juu yake bila kuacha mapovu, kata pembeni ya picha. Lakini michoro hiyo ni ya mkono na bega. Wino wa printa haukutengenezwa kwa ajili ya jicho. Nchini Marekani, kwa mfano, rangi ya kipodozi haitoshi kuruhusiwa kwa ngozi tu. Ili itumike eneo la jicho lazima iidhinishwe kwa eneo hilo. Kwa sababu hiyohiyo, hata tatoo za kubandika za dukani zilizotengenezwa kwa mwili zisipandishwe kwenye kope.

Zitakazobaki baada ya sherehe zilaze bapa ndani ya bahasha kavu, mbali na bafu na jua. Unyevu hulilegeza lile tabaka la kuyeyuka kabla ya wakati. Siku ukivuta nailoni ya juu ikatoka na vipande vya picha, karatasi hiyo imekwisha.