Hesabu ya Kodi Iwe ya Mstari Mmoja

Wiki hii mmeuliza: "Je, ni haki watu wote, wenye nacho na wasio nacho, watozwe kodi ya mapato kwa kiwango kimoja?" Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja nitakalolieleza. Natoa jibu hili nikiwa na uchungu ulionikaa kwa miaka.

Mimi ni mwajiriwa, na jioni hutafsiri nyaraka kwa malipo. Kodi ya mshahara hukatwa kabla fedha haijanifikia, na hiyo sina neno nayo. Shida huanza ninapojaza ritani ya mwaka, yaani fomu ya kutangaza mapato, kwa ajili ya yale malipo ya jioni. Kazi ileile inaweza kuitwa ujira, biashara, au ada ya kitaalamu, na kila jina lina kiwango chake na makato yake. Mwaka mmoja niliuliza kwa maofisa wawili, nikapata majibu mawili. Nikafuata lile lililoonekana kuwa na mantiki. Miezi kadhaa baadaye ikaja barua: malimbikizo, adhabu, na riba. Sikuwa nimeficha hata senti moja. Kila malipo niliyaandika, ila niliyaandika kwenye safu isiyo yake. Mwenye mshauri wa kodi asingekosea safu, na huenda angelipa pungufu kuliko mimi kwa pato kubwa kuliko langu, tena bila kuvunja sheria. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata fedha niliyolipa.

Tangu mwaka 1776 Adam Smith, mwanafalsafa wa uchumi wa Uskoti, alishasema kwamba muda wa kulipa kodi, namna ya kuilipa na kiasi chake vyote viwe wazi kwa mlipaji na kwa mtu mwingine yeyote. Sasa mtazame mfanyakazi mwenzangu mmoja. Alikataa saa za ziada kwa sababu aliamini zikimvusha ngazi moja ya kodi, yaani kipimo cha pato ambacho juu yake kiwango huwa kikubwa zaidi, mshahara wake wote utatozwa kwa kiwango cha juu na atarudi nyumbani na fedha kidogo kuliko mwanzo. Sivyo ilivyo, kiwango cha juu hugusa kile kilichozidi tu. Lakini huyu ni mtu mzima, msomi, amelipa kodi nusu ya maisha yake, na bado hajui anatozwaje. Siwezi kumlaumu yeye. Naulaumu mfumo uliomfanya aogope kufanya kazi.

Kuna na jambo lisilozungumzwa sana. Bei zinapopanda, mshahara huongezwa kidogo ili uzikimbilie. Ngazi za kodi zisipopandishwa pamoja na bei, mtu anasukumwa hadi ngazi ya juu ilhali kikapu chake cha sokoni hakijaongezeka. Kodi yake imepandishwa bila bunge kuipigia kura. Wakati huohuo wenye uwezo wanazichezea ngazi hizohizo: mshahara unageuzwa gawio la kampuni, pato linagawanywa kati ya mume na mke, marupurupu yanasogezwa hadi mwaka ambao kiwango kitakuwa cha chini. Kila pengo kati ya kiwango na kiwango ni mlango, na anayeupita ni yule anayeweza kumlipa mtu wa kumwonyesha ulipo.

Mwaka 1981 wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Robert Hall na Alvin Rabushka, walipendekeza kwa Marekani kiwango kimoja cha asilimia 19 kwa mishahara na kwa biashara pia, na ritani ambayo ingeenea kwenye kadi ya posta. Kinachonivutia katika pendekezo lao ni hilo neno "pia". Mshahara na biashara vikitozwa sawa, hakuna faida ya kubadili jina la pato, na mimi nisingeandikiwa ile barua.

Sharti langu ni kwamba kuwe na kiasi cha mapato kisichoguswa na kodi, kinachotosha mtu kuishi, na kinachopandishwa kila mwaka pamoja na bei. Tuseme kiasi hicho ni 100 na kodi ni asilimia 20 ya kinachozidi. Anayepata 90 halipi kitu. Anayepata 150 analipa 10, chini ya asilimia 7 ya pato lake. Anayepata 1,000 analipa 180, yaani asilimia 18. Anayesema kiwango kimoja humlinganisha mnyonge na tajiri aifanye hesabu hii kwa mkono wake.

Pingamizi zito zaidi ni lingine, nami siliruki: penye viwango vya juu vya asilimia 40, ukishusha hadi 20 hazina inapata pengo, na wa kuliziba huwa ni watu wa kati. Ndiyo maana lazima kuanza na kufuta misamaha ya kodi, kisha ndipo kiwango kipangwe kulingana na mahitaji, hata kama kitakuwa kikubwa kuliko wanasiasa wanavyopenda kuahidi.

Mifano ipo. Estonia ilianza mwaka 1994 kwa asilimia 26, na leo raia wake wengi hufungua ritani iliyokwisha kujazwa, wakaithibitisha kwa dakika chache. Bulgaria iko kwenye asilimia 10 tangu 2008. Urusi ilichukua asilimia 13 mwaka 2001 na mapato ya kodi yakapanda, ingawa ukusanyaji nao ulikuwa umekazwa, hivyo siupi mfano huo uzito wote. Baadaye ikarudi kwenye ngazi, kama Slovakia ilivyofanya mwaka 2013. Marekani yenyewe, kwa sheria ya mwaka 1986, ilipunguza viwango zaidi ya kumi hadi viwili vikuu, asilimia 15 na 28, na kufunga mianya mingi. Leo viko saba. Ngazi humea tena, kwa kuwa kila serikali inayotafuta fedha huona ni rahisi kuongeza kipandio kimoja kuliko kuwaambia wananchi wote kwa pamoja kwamba kodi inapanda.

Juzi nilimwandikia yule mwenzangu hesabu ile kwenye karatasi: pato, toa kiasi kisichotozwa, zidisha kwa kiwango. Aliisoma mara moja, hakuuliza maana ya neno lolote. Aliuliza tu kiwango chenyewe kitakuwa asilimia ngapi, na kile kisichotozwa kitakuwa kiasi gani. Tulibishana juu ya namba hizo mbili hadi saa ya mapumziko ikaisha.