Mnaokuja kusomea Kampo maabara, msikimbilie seli

Wale mnaokuja Japani kufanya masters au PhD ya dawa za mitishamba, hasa hii Kampo, yaani dawa za jadi za Kijapani, nisikilizeni kidogo kabla hamjaanza kuagiza vitu. Na nyumbani wakikuuliza "kwa hiyo unasomea uganga?" usimalize bando kueleza, waambie famasia basi.

Kwanza jueni Kampo sio jani moja, ni mchanganyiko uliopangwa. Kakkonto kwa mfano, ile watu wanakunywa mafua yakianza tu, ina vitu saba, humo kuna tangawizi, mdalasini, tunda la jamii ya kunazi, mao (mmea wa efedra), kanzo ambayo ni mzizi wa urukususu na vingine. Fomula 148 zinalipiwa na bima ya afya ya taifa, daktari wa hospitali anaziandika kawaida kabisa, kwa hiyo usije na mawazo kwamba unawaletea watu sayansi. Mwanakemia Mjapani Nagai Nagayoshi alishaitoa efedrini, kemikali yenye nguvu ya mmea huo, kwenye mao mwaka 1885 huko.

Sasa tatizo la wageni wengi liko hapa. Mtu anapewa unga wa dawa, anauyeyusha, anaumwaga kwenye seli zinazokuzwa maabara, matokeo yanatoka mazuri mnooo, anakimbia kwa profesa na grafu. Profesa anaiangalia tu kimya. Kwa nini? Kwa sababu tanini, zile kemikali chungu zinazokausha mdomo kama kwenye chai kali, zilizomo kwenye mitishamba zinashika karibu protini yoyote ile, kwa hiyo kila kimeng'enya utakachopima kitaonekana kimezuiwa. Na mizizi imetoka udongoni na bakteria wake, endotoksini (sumu ya ukuta wa bakteria) kidogo tu ikibaki humo seli za kinga zinaamka zenyewe na wewe unaandika "dawa inaongeza kinga". Bado rangi, ule mchemsho wa kahawia unaharibu kipimo chochote kinachosoma rangi, MTT, kile cha kuona seli ngapi zi hai, ikiwemo. Weka kontroli ya dawa bila seli, pima endotoksini, ndio uanze kufurahi.

Ila hata ukifanya yote hayo, swali lenyewe bado: hicho ulichomwaga kinafika huko mwilini kikiwa vilevile? Chukua daio, ule mzizi wa kuharisha. Senosidi, kemikali iliyomo, ikishuka tumboni haifanyi kazi mpaka bakteria wa utumbo mpana waikate, kinachosukuma choo ni kile kilichotoka baada ya kukatwa. Glisirizini, kemikali tamu ya kanzo, ni hivyohivyo, bakteria wanaivua sukari yake ndio inaingia vizuri kwenye damu. Sasa wewe umemwagia glisirizini nzima nzima kwenye seli za ini, umepima nini hapo?? Na ndio maana wagonjwa wawili wanaokunywa dawa moja wanaweza kupata matokeo tofauti, bakteria wao sio sawa.

Alafu usigeuze hiyo kuwa sheria ya kila kitu. Daikenchuto, fomula nyingine (tangawizi kavu, ginseng, sansho yaani pilipili ya Kijapani, na sukari ya kimea) inapewa watu ambao utumbo umegoma baada ya upasuaji, na ukuta wa utumbo unakutana na dawa kabla damu haijaiona, hapo kumwagia seli za utumbo ule mchemsho wenyewe kuna mantiki. Anza na njia ya dawa mwilini, seli utachagua baadaye.

Kingine ni malighafi, na hapa msifanye mzaha. Dawa iitwayo mokutsu Japani inatoka kwenye mmea wa Akebia, lakini China kuna kitu cha jina karibu na hilo kilichokuwa kinatoka kwenye mmea mwingine, Aristolochia, hicho kinaua figo. Andika jina la kisayansi, namba ya loti, bakiza sampuli kavu kabatini, na kila loti mpya ipitishe HPLC (mashine inayotenganisha kemikali na kuzichora kama vilele) uone vilele vinafanana na vya loti iliyopita, hata kama senpai, mkubwa wako wa maabara, anakwambia haina haja.

Na usiniandikie kwenye propozo kwamba haina madhara kwa kuwa ni ya asili. Kanzo ikizidi potasiamu inashuka na presha inapanda. Shosaikoto, fomula nyingine ya Kampo, ilikuwa inapewa wagonjwa wa ini kwa wingi tu, mwaka 1996 wizara ikatoa onyo la dharura baada ya watu 10 kufa kwa ugonjwa wa mapafu.

Kijapani cha kuongea kitakuja chenyewe, ila kanji za majina ya dawa anza nazo wiki ya kwanza, makopo ya stoo hayana lebo nyingine.