Wanagrupu wangu wote wanaandika hadithi moja

SWALI: Dada shikamoo. Mie nasimamia kigrupu cha watunzi wa hadithi hapa Tanga, tuko 14, kila Ijumaa usiku natuma mada WhatsApp halafu Jumapili watu wanaleta kazi. Sasa nikisema "andikeni kuhusu usaliti" zinakuja tisa za mume na hausigeli, nikisema "umaskini" wahusika wote wanakufa mwishoni, na kuna mmoja yeye kila wiki mtu anashtuka usingizini kumbe alikuwa anaota. Nikatafuta mada mtandaoni nikapata za majoka na ngome, wakanicheka. Natungaje vianzio vya kumfanya mtu awashe taa aandike?
– Msimamizi niliyechoka

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole, ila hapo mwenye kosa ni wewe. "Usaliti" ni kapu tupu, na mtu katoka kazini hoi ukimpa kapu tupu atatia humo alichokiona jana kwenye tamthilia, basi.

Hebu wakumbuke bibi zetu. Paukwa! Pakawa. Sahani! Ya mchele. Giza! La mwizi. Simama hapo kwenye giza la mwizi, maneno matatu tu lakini mtoto ashamuona mtu kajibanza nyuma ya banda la kuku na ashaanza kujiuliza kaja kuiba nini, na je kama ni baba wa fulani? Hakuna aliyemwambia aogope. Kianzio kinatakiwa kifanye hivyohivyo, kimpe mtunzi kitu cha kushika na swali linalomwasha, jibu aende kulitafuta mwenyewe.

Mimi nikikwama naendaga kwenye kanga. Jaribu hii: mama kazikwa juzi, binti anafungua sanduku lake, chini kabisa anakuta doti ya kanga haijakatwa wala kupindwa, ina harufu ya udi bado, na jina lake ni "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Nani alimpa na kwa nini hakuivaa hata siku moja? Usaliti umo humo humo, ila sikuutaja, na nakuhakikishia hutapata hadithi mbili zinazofanana maana kila mmoja ana mama yake na sanduku lake.

Nyingine ni kuwafungia watu mahali ambapo hakuna wa kuondoka. Pantoni ya Kigamboni imezimika katikati ya maji saa mbili usiku, bibi harusi wa leo mchana yumo, na yule aliyemrudishia posa mwaka jana naye yumo na baiskeli yake. Inatosha. Ukiongeza kwamba bado wanapendana umeshaiandika wewe, wao watabaki kupaka rangi tu (mimi nilikuwa na ugonjwa huo, vianzio vyangu vilikuwa virefu kuliko hadithi zenyewe).

Halafu methali. Shule tulizoeshwa kuandika kisa cha kuthibitisha kwamba methali ni kweli, sasa wewe igeuze, waambie waandike kisa ambacho mvumilivu kavumilia weee akakuta mbivu ishaliwa na jirani. Watu huwa wanachangamka sana wakiruhusiwa kubishana na wazee.

Hayo majoka yasikutishe, sisi tuna majini na popobawa, hatujapungukiwa. Ila kabla hujatuma chochote kaa nacho dakika kumi uandike mistari mitatu mwenyewe, ukiona umejua mwisho kabla hujamaliza wa pili, futa.

Ijumaa hii wape pantoni. Na yule wa ndoto mwambie abiria wote wako macho.